Panya Walioamka Mapema

Jumatatu, Machi 2

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba kitu kilichotuliza seli ndani ya kisahani cha kioo kitatuliza pia kichwa cha binadamu. Nimelisikia tena leo asubuhi kwenye benchi la hospitali, kutoka kwa mtu mzima aliyevaa tai. "Jani hilo limethibitishwa," alikuwa akimwambia jirani yake. Limethibitishwa! Nusura nimshike hiyo tai. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja katika maabara ya mimea, nikisaga majani, nikiyaloweka kwenye spiriti, nikichuja, nikipima, na neno hilo tulikuwa tukiliogopa kuliko moto.

Daftari hili nalianza kwa ajili ya mdogo wangu wa kike. Ni mshonaji, na mtaani wanamwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mwezi Desemba kinga ya mwili wake, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, iligeuka ikaanza kuushambulia ubongo wake mwenyewe. Ubongo ukavimba. Alishona mkono wa shati mahali pa kola, akamkabidhi mwenye shati, na alipoulizwa akafoka. Wiki ile ile kifafa kikamwangusha kwa mara ya kwanza katika umri wa miaka hamsini na nane. Sasa ametoka wodini na anakaa kwangu. Anameza dawa mbili: vidonge vyeupe vya kutuliza uvimbe, na vya njano vya kuzuia kifafa. Daktari ametuambia bila kupepesa macho kwamba miezi hii mitatu ndiyo itakayoamua. Kifafa kikirudi, kila kikirudi, kinaweza kuondoka na kitu: jina la mtu, neno, ufundi wa mkono.

Kwa hiyo tumejiwekea kipimo. Kila asubuhi anakaa dirishani na kutunga uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote alizonazo. Mimi nahesabu majaribio na kuandika. Ndivyo nilivyozoea kuishi.

Mvua: hakuna. Uzi: mara ya pili.

Alhamisi, Machi 5

Wingu zito, tone hata moja. Uzi: mara ya kwanza. "Andika upesi, Dada," ameniambia, "maana na wewe siku hizi unatafuta miwani huku umeivaa."

Jumapili, Machi 8

Mvua ya kwanza, kubwa, ya upepo. Uzi: mara ya kwanza.

Wakati wa chakula cha mchana aliniuliza, "Dada, lile jani lenu la maabara, hivi lilifanya nini hasa?"

Nilifurahi mno. Miaka yote hii hakuwahi kuniuliza. Nilimweleza tangu mwanzo: jani chungu, lenye vinyweleo upande wa chini, linaloota kwenye nyufa za kuta za mawe, ambalo sisi tuliliita Sampuli 41. Nikamweleza kwamba ubongo una seli zake za ulinzi, ndogo, zenye mikono mingi, zinazofagia uchafu. Zikichokozwa kupita kiasi hucharuka na kuwaunguza majirani zao. Sisi tulizichokoza makusudi kwenye kisahani, tukadondoshea kiini cha jani, zikatulia. Hilo ni kweli, na siku ile nilirukaruka maabara nzima kama mtoto.

Lakini, nikamwambia, kisahani si mtu. Kabla kiini hakijafika kichwani kinapita tumboni, kisha kwenye ini, na ini kazi yake ni kuvunjavunja kila kigeni kinachopita. Kilichobaki kinagonga ukuta ulio kati ya damu na ubongo, ukuta unaochagua sana wageni wake. Nilikuwa bado nafafanua ukuta aliposimama na kuanza kukusanya vyombo. Alitaka kusema kitu, nikamwambia angoje kidogo nimalizie.

Nadhani amenielewa.

Jumamosi, Machi 14

Mvua. Uzi: mara ya kwanza. Amekwenda kwenye chumba chake cha kushonea mwenyewe kwa miguu, ametia vifungo makoti mawili.

Jumanne, Machi 17

Mvua. Uzi: mara ya tatu. Kasema mwanga ni mbaya.

Alhamisi, Machi 19

Kifafa kimerudi. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Alikuwa akikata vitunguu, kisu kikaanguka kwanza, kisha yeye. Nilimgeuza ubavu, nikaweka kanga chini ya kichwa, nikaangalia saa, kwa sababu hivyo ndivyo mtu aliyesoma anavyofanya. Dakika mbili na nusu. Nilipomaliza kuangalia saa nilihangaika na dirisha, nikilisukuma badala ya kulivuta.

Alipozinduka aliniita kwa jina la mama yetu.

Ijumaa, Machi 20

Daktari wake ni kijana, mwepesi, ana viatu vinavyolia sakafuni. Alitazama jalada, hakumtazama mgonjwa.

"Vidonge vya njano unameza?"

"Nameza."

"Vyote?"

"Vyote, daktari. Vichungu, lakini nameza."

"Na haya matakataka ya vichochoroni, majani sijui mizizi, unatumia?" Alisema huku amekunja pua, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

"Hapana," akasema mdogo wangu.

Wamechukua damu ili wapime dawa iliyomo.

Jumatatu, Machi 23

Majibu: dawa katika damu iko chini kabisa, karibu hakuna. "Mama," daktari akaniambia mimi, kana kwamba Sindano ni mwanasesere, "huyu hamezi. Msimamie."

Nilipandwa na hasira, si kwa daktari, bali kwa mdogo wangu. Nyumbani nikamweka kwenye kiti.

"Kuanzia leo unameza mbele yangu. Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Nibweke pia?"

"Usinichezee. Unataka kufa?"

"Nameza, Dada. Naapa nameza."

"Damu haidanganyi."

Akafungua mdomo, akainua ulimi. Ana miaka hamsini na nane.

Mvua. Uzi: mara ya tatu.

Jumamosi, Machi 28

Mvua tangu asubuhi. Ulimi juu, ulimi chini. Hatuzungumzi. Uzi: mara ya nne.

Jumatano, Aprili 1

Kifafa kingine, kwenye chumba chake cha kushonea. Cherehani ilimpasua nyusi, ameshonwa nyuzi tatu, na hata hivyo alimkosoa muuguzi fundo lake.

Damu ikapimwa tena. Dawa imeshuka zaidi. Nilimwambia daktari: nimemwona kwa macho yangu, siku tisa, asubuhi na jioni, ulimi juu. Akatabasamu lile tabasamu la kumvumilia kizee. "Wagonjwa ni wajanja, Mama. Wengine wanakwenda kutapika." Akaandika dozi mara mbili ya ile ya kwanza.

Nimechemka damu mpaka sasa. Mtu anapewa ukweli mkononi, umepimwa kwa siku na saa, anautupa kwa sababu aliyeuleta ni bibi mwenye mkoba. Kama nimemwona akimeza, na damu haina dawa, basi mtu mwenye akili anauliza: dawa inakwenda wapi? Hakuuliza. Nami nilikaa na swali hilo mapajani tangu hospitali hadi nyumbani, nikaliacha likapoa.

Jumanne, Aprili 7

Leo nimejua, na naandika taratibu ili nisichane karatasi.

Mvua ilikatika kidogo, nikaenda kwenye chumba chake cha kushonea kumchukulia mkasi. Nyuma ya kasha la vifungo kulikuwa na kopo la bati. Ndani yake unga wa kijani, karibu umalizike, na kijiko. Kwenye kopo kuna karatasi iliyochapwa vizuri: JANI LA UKUTA. HUTULIZA UBONGO. LIMETHIBITISHWA NA UTAFITI. Chini yake, kwa herufi ndogo, majina ya watafiti wanne. La tatu ni langu.

Duka la dawa za majani linatazamana na mlango wa chumba hicho, hatua ishirini. Mwenyewe wanamwita Vikopo. Ni mtu mnene, mwenye kalamu sikioni na daftari kubwa mbele yake.

"Karibu, Mama. Tumbo, mgongo, au sukari?"

"Nimekuja na hasira."

"Ya hasira pia ipo. Ile ya kifuniko chekundu."

Hapo ndipo nilipouona ukutani: ukurasa wa kwanza wa makala tuliyochapisha kuhusu jani hilo, umefunikwa kwa plastiki, sentensi moja imepakwa rangi ya njano. Sentensi yangu mwenyewe. Tuliandika kwamba kiini hiki *huenda* siku moja kikafaa kutibu kuvimba kwa ubongo. Nakumbuka tulivyoibishania asubuhi nzima.

"Huo ukurasa umeutoa wapi?"

"Huo ni utafiti, Mama. Mabingwa. Nasikia wengine wameshatangulia mbele za haki."

"Wa tatu kwenye orodha amesimama mbele yako."

Alisimama kwa kishindo, akafuta kiti kwa mkono wa shati lake. "Mama! Wewe ndiye? Ngoja, ngoja niite watu!"

"Usimwite mtu. Ukurasa wa pili umeusoma? Ule unaosema ni seli kwenye kisahani? Kwamba hakuna mtu aliyepewa, hata mmoja?"

"Ukurasa wa pili haukuenea kwenye plastiki."

Sikujua nicheke au nimpige mkoba. Nikamwambia kwamba kuna mama aliyevimba ubongo anakunywa unga wake pamoja na vidonge vya hospitali. Akasema anajua. Anajua! Akafunua daftari lake, akaweka kidole. "Mshonaji. Kaanza Ijumaa Machi sita. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Vidonge vya njano, viwili. Mimi nawauliza wote wanameza nini, Mama, na wananiambia."

"Na nani amekuambia jani hili linakwenda pamoja na vidonge hivyo?"

"Na nani amesema haliendi? Ninyi wenyewe kwenye makala yenu hamkusema."

Nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu amekaa kitandani. Nililiweka kopo mbele yake. Hakukana.

"Ulimdanganya daktari."

"Aliniuliza kama ninakula matakataka. Hili si takataka."

"Na mimi je? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia, Jumapili ile. Ukaanza habari ya ukuta." Akalishika kopo, akaligeuza upande wenye majina. "Ni jani lako, Dada. Maisha yako yote umelisaga hili jani. Nilitaka liwe ndilo lililoniponya."

Niliuchukua unga wote, nikaenda nao uani, nikaumwaga kwenye mtaro. Maji ya mvua yakaubeba ukiwa povu la kijani. Nilisikia raha. Naliandika hilo makusudi: nilisikia raha.

Nimwambie daktari? Nimefikiri, nimeamua hapana. Jani limekwisha kuondoka, hakuna tena la kusema. Na ni nani atakayependa kumwona yule kijana akisoma jina langu kwenye kopo?

Jumamosi, Aprili 11

Mvua. Uzi: mara ya pili. Tunazungumza tena, zaidi habari za jirani.

Jumanne, Aprili 14

Mvua ndogo. Uzi: mara ya kwanza! Hakuna kifafa tangu tarehe mosi. Nilijipongeza kwa kikombe cha pili cha chai. Ukweli ukisimamiwa na mtu mwenye msimamo, nikajiambia, mambo hunyooka.

Ijumaa, Aprili 17

Mvua. Uzi: mara ya tano. Anasema anaona sindano mbili.

Jumapili, Aprili 19

Mvua. Uzi: hakuweza. Anatembea akishika ukuta. Maneno yanatoka mdomoni kama yameloa.

Jumanne, Aprili 21

Leo asubuhi hakuamka. Nilimwita, nikamtikisa, akafumbua macho, nayo yakawa yanachezacheza pembeni kama mtu anayesoma gazeti upesi. Alijaribu kukaa, akaanguka upande. Tulifika hospitali mvua ikiwa kubwa kiasi kwamba machela ililowa.

Yule kijana alikuja mbio, na leo, kwa haki, alimtazama mgonjwa. Alimpima macho, akamgonga magoti, akamwambia aguse pua yake. Sindano aligusa shavu.

"Uvimbe umerudi," akaniambia. "Umerudi vibaya. Kesho saa tisa alasiri tutamtundikia dripu ya dawa kali, inayolaza kinga ya mwili karibu yote. Ina hatari zake, sitakuficha. Lakini tukingoja tutampoteza, au tutabaki naye asiyejua yeye ni nani."

"Na vidonge vya njano? Hamtampima damu?"

"Tumeshapima mara mbili, mara zote chini. Hilo si swali la leo, Mama." Akakunjua jalada. "Kuna chochote kingine amekuwa akitumia? Yale matakataka?"

Na mimi, niliyesoma, niliyepima gramu kwa miaka thelathini na moja, niliyemfungua mdogo wangu mdomo na kumwinua ulimi kama mbuzi mnadani, nilimtazama kijana huyo usoni nikasema:

"Hapana."

Jumatano, Aprili 22

Saa mbili asubuhi nilipotoka wodini nilimkuta Vikopo kwenye ngazi za hospitali, amelowa, daftari lake amelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwambia aondoke mbele ya macho yangu.

"Nitaondoka, Mama. Lakini nimekuwa nikisoma daftari langu tangu siku ile uliyonifokea, na kuna kitu sikielewi. Wewe ni bingwa, nisomee."

"Sina nafasi."

"Wateja wangu sita wa jani la ukuta. Sita, wasiojuana. Wote walikuwa na vidonge vya usingizi vya hospitali. Wote waliniambia kitu kimoja, niliandika, tazama: *vidonge vya usingizi havinishiki tena*. Nilidhani jani lina nguvu za kuchangamsha. Nikawa nalisifia hivyo."

Nilisimama pale, maji yananitiririka mgongoni, na jambo fulani la zamani likaanza kunigonga kichwani.

Nilimwomba daftari lake, nikaenda nyumbani kwa miguu, karibu nikikimbia. Juu ya kabati kuna sanduku la madaftari yangu ya maabara. Mkuu wetu alitaka yachomwe nilipostaafu, nikayabeba kwa ukaidi. Nilipanda kiti. Daftari la kumi na tisa, Sampuli 41, panya weupe. Sikuwa natafuta majedwali, majedwali yalichapishwa. Nilikuwa natafuta pembeni, pale mtu anapoandika kero zake.

Nikayakuta maneno, kwa mwandiko wangu, wino wa bluu: *Panya waliolishwa jani wameamka mapema tena. Dakika 22 badala ya 40. Kero. Ongeza dawa ya usingizi.* Ukurasa wa mbele yake: *Wameamka mapema tena.* Na tena. Mara kumi na moja.

Nieleze, maana safari hii kueleza kuna kazi. Tulikuwa tukiwalaza panya kwa sindano ili tuwatoe damu bila kuwaumiza. Waliokula jani kwa wiki mbili walikuwa wakiamka katikati ya kazi. Sisi tulinung'unika, tukaongeza dozi, tukaendelea. Hatukujiuliza kwa nini. Sababu ni ini. Jani lililichochea ini lifanye kazi maradufu, likawa linaivunja dawa ya usingizi kabla ya wakati wake. Na ini halichagui: linalovunja dawa moja upesi huvunja na nyingine. Mdogo wangu alikuwa akimeza kila kidonge, na ini lake lilikuwa likivifagia vyote. Hakusema uongo hata siku moja kuhusu vidonge. Damu haikudanganya, na yeye hakudanganya. Nilikuwa na majibu juu ya kabati langu.

Kisha yakanijia mengine, nikashuka kwenye kiti na kukaa sakafuni. Daktari aliongeza dozi mara mbili ili kushinda kitu asichokijua. Mimi nikakimwaga kitu hicho kwenye mtaro, nikasikia raha, nikanyamaza. Ini likatulia taratibu, siku kwa siku, likarudi kwenye mwendo wake. Dozi ikabaki maradufu. Huo haukuwa uvimbe. Ilikuwa dawa ya njano, imejaa damuni hadi koo.

Saa saba na nusu nilikuwa mlangoni kwa daktari na madaftari mawili, langu na la Vikopo, na kopo tupu.

"Jana nilikudanganya," nikamwambia.

Alisoma kopo. Alifika kwenye jina la tatu, akaninyanyulia macho. Nilimngoja akunje pua. Hakukunja. Alisoma pembeni mwa daftari langu, kisha akafunua lile la Vikopo, tarehe kwa tarehe, na uso wake ukawa unabadilika rangi.

"Kifafa kimeanza siku kumi na tatu baada ya jani," akasema polepole. "Na hii imeanza siku kumi baada ya kulitupa. Kwa nini hamkuniambia?"

"Kwa sababu ya ulivyouliza."

"Na wewe, Mama? Wewe unajua umuhimu wake."

"Kwa sababu ya jina langu. Sasa mpime damu, mwanangu, kisha utufokee wote."

Aliahirisha dripu. Damu ikachukuliwa, nayo maabara yao, nasema kwa shukrani, ni ya watu wepesi. Saa kumi na moja majibu yalikuja: dawa ilikuwa mara tatu ya kiwango kinachovumilika. Vidonge vya njano vimesitishwa mara moja, chini ya macho ya wauguzi.

Mvua haijakatika. Uzi: hatukujaribu.

Jumamosi, Aprili 25

Macho yametulia. Ameomba maji, na ameniita Dada.

Jumatatu, Aprili 27

Jua, saa nzima. Amekaa mwenyewe. Nilimweleza yote, kwa maneno machache kuliko nilivyowahi kumweleza mtu kitu chochote. Nikamwomba radhi kwa ile habari ya ulimi.

"Sasa fungua wewe," akasema.

Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kidole niinue ulimi. Nikainua. Mgonjwa wa kitanda cha pili alidhani tumeshikwa na wazimu.

Jumatatu, Mei 4

Amerudi nyumbani, dozi ya kwanza, na kipimo cha damu kila Jumatatu. Uzi: mara ya sita, lakini umeingia.

Nimempigia simu Mkuu wetu wa zamani. Nilimsomea yale maneno ya pembeni, yote kumi na moja. Akasema, "Lakini hilo halikuwa swali letu." Kwa upole kabisa, kama mtu anayemrudishia mwenzake mwavuli. Nilikata simu kwa sababu ningesema neno lisilorudi. Halikuwa swali letu! Swali letu lilikuwa seli zitatulia au hazitulii. Swali la daktari lilikuwa amemeza au hajameza. Swali langu lilikuwa ulimi juu au chini. Kila mmoja alikuwa na swali lake safi, na katikati ya maswali hayo mwanamke alikuwa akianguka. Aliyeuliza unameza nini, akaandika alichojibiwa, ni Vikopo peke yake, na hata yeye hakujua alichokishika.

Silichukii jani. Inawezekana kweli kiini chake, kikisafishwa, kikipimwa kwa watu kwa miaka, kikapewa njia ya kuvuka ule ukuta, kikamfaa mtu kama mdogo wangu. Natumaini hivyo. Ndiyo maana naona uchungu linapogeuzwa unga na tangazo. Nimewaandikia wahariri wa jarida lililochapisha makala yetu, kurasa nne, na nimeambatanisha panya.

Ijumaa, Mei 8

Uzi: mara ya tatu. Lakini vitundu vya vifungo vimempotea mkononi. Anaushika mkasi, anaitazama nguo, hajui aanzie wapi. Miaka arobaini alivikata bila kuchora. Daktari anasema huenda vikarudi, huenda visirudi. Ana koti la mteja mezani na anajifunza upya, kama mwanafunzi, kwenye kipande cha kanga kuukuu. Hakulia. Mimi nililia, jikoni.

Jumatatu, Mei 11

Hakuna mvua, siku ya tatu. Uzi: mara ya pili.

Daktari amebadilisha swali lake. Nimemsikia leo kwa masikio yangu akimuuliza mzee aliyetutangulia kwenye foleni: "Baba, nionyeshe kila unachotumia nyumbani, hata cha jikoni. Mimi sikasiriki." Mzee akatoa vitu mfukoni kama mchezaji wa mazingaombwe.

Vikopo ameushusha ukurasa wetu. Alikuja nao mwenyewe, na plastiki yake. "Ukuta umebaki na pengo, Mama. Niandikie kitu cha kweli, nikibandike." Niliketi nikaandika kurasa tatu, na mchoro wa ini.

Akazitazama. "Mama, watu wangu wamesimama kwenye tope. Hawasomi mchoro."

Nikapunguza hadi ukurasa mmoja. Akatikisa kichwa. Nikapunguza hadi aya moja. Ndipo mdogo wangu, ambaye alikuwa dirishani na kitambaa chake cha mazoezi, akaninyang'anya karatasi, akachukua mkasi, akakata juu, akakata chini, kwa mkono ulionyooka kabisa, akabakiza mstari mmoja. Vikopo ameshaubandika, na hivi ndivyo unavyosema:

Leo, tia kila unachokimeza kwenye mfuko mmoja, umpelekee daktari wako.